Wachezaji gofu wa India na milango ya mashindano makubwa

Treni za abiria zinazotoka katikati ya jiji la Stockholm kuelekea kaskazini magharibi husimama Jakobsberg, mji ulio makao ya halmashauri ya Järfälla nchini Sweden. Abiria wengi huteremka hapo. Wale wanaoendelea na safari hupita Kallhäll, kisha hufika Kungsängen na Bro. Kwa mgeni, hivi ni vituo vya kawaida vya pembezoni mwa jiji kubwa. Lakini kwa wafuatiliaji wa gofu, majina ya Kungsängen na Bro yanafahamika mbali sana na Sweden.

Mashindano ya Scandinavian Masters, ambayo yalikuwa sehemu ya mzunguko wa gofu ya kulipwa barani Ulaya, yalichezwa katika uwanja wa Kungsängen mwaka 1998, 2000 na 2002. Kuanzia mwaka 2010 yakahamia Bro, katika uwanja wa Bro Hof Slott, na kubaki huko kwa miaka minne mfululizo. Mashabiki waliotoka Stockholm kwa njia hiyo ya reli walipita Jakobsberg wakielekea kuwatazama wachezaji walio miongoni mwa bora duniani.

Mtazamaji alihitaji tiketi tu ili aingie. Kwa mchezaji, mambo ni tofauti. Historia ya wachezaji wa kulipwa wa India, pamoja na wale wenye asili ya India waliozaliwa nchi nyingine, inaonyesha jinsi mlango wa mashindano makubwa unavyoweza kuwa mwembamba hata kwa mtu mwenye kipaji kisicho na shaka. Historia hiyo inaigusa Afrika kwa karibu, kwani mara kadhaa mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa katika bara hili.

Jinsi nafasi zinavyopatikana

Mashindano ya kawaida ya mzunguko wa Ulaya huwa na wachezaji wapatao 150. Wengi wao huingia kwa sababu wana kadi ya uanachama wa mzunguko huo, kadi ambayo hupatikana kwa kushinda, kwa kuvuna fedha au pointi za kutosha msimu uliopita, au kwa kufaulu mashindano magumu ya mchujo yanayofanyika mwishoni mwa mwaka. Nafasi chache zilizosalia hugawiwa wachezaji wa nchi mwenyeji, walioalikwa na wadhamini, na waliofuzu katika mchujo mdogo wa siku chache kabla ya mashindano yenyewe.

Kwa mashindano manne makubwa kuliko yote ya wanaume, yaani Masters, U.S. Open, British Open na PGA Championship, kinachotazamwa sana ni orodha ya ubora duniani, ambayo ilianza kutolewa mwaka 1986. Mchezaji aliye ndani ya 50 bora kwa kawaida hana haja ya kubisha hodi. Aliye nje ya idadi hiyo hulazimika kutafuta njia nyingine.

Hapo ndipo penye ugumu. Pointi nyingi hupatikana katika mashindano makubwa, na ili mtu aingie katika mashindano makubwa, anahitaji kwanza kuwa na pointi. Aliye nacho huongezewa. Mchezaji anayeanzia Kolkata, Nairobi au Kampala huhitaji ngazi ya kumtoa chini hadi juu, na kwa miaka mingi ngazi hiyo haikuwapo, au ilikuwapo lakini ilizuiwa makusudi.

Papwa Sewgolum na mlango wa sheria

Kisa kinachojulikana zaidi cha mlango uliofungwa makusudi ni cha Sewsunker Sewgolum, maarufu kwa jina la Papwa, Mhindi wa Durban nchini Afrika Kusini. Papwa alijifunza gofu akiwa mbeba fimbo wa wachezaji Wazungu. Hakuwahi kuwa na mwalimu, na aliishika fimbo kinyume na desturi, mkono wa kushoto ukiwa chini ya ule wa kulia. Hata hivyo, mpira ulimtii.

Chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, mashindano makubwa ya Afrika Kusini yalikuwa ya Wazungu. Papwa alipata nafasi yake ya kwanza ya kimataifa ng'ambo. Mwaka 1959, mfanyabiashara Graham Wulff alimsaidia kusafiri hadi Ulaya, ambako alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi. Akayatwaa tena mwaka 1960, na kwa mara ya tatu mwaka 1964. Mtu ambaye hakuweza kuingia katika klabu nyingi za mji alikozaliwa alikuwa bingwa katika nchi ya Ulaya.

Mwaka 1963 aliruhusiwa kushiriki mashindano ya wazi ya Natal, mjini Durban. Alishinda. Lakini sheria ilimkataza kuingia ndani ya jengo la klabu pamoja na Wazungu, kwa hiyo alikabidhiwa kombe lake nje, mvua ikinyesha, wakati wengine wakiwa wamejikinga ndani. Picha ya tukio hilo ilizunguka ulimwenguni na kuwa moja ya hoja za waliotaka Afrika Kusini itengwe katika michezo. Miaka miwili baadaye, Papwa alishinda tena Natal, safari hii akimpita Gary Player, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji mashuhuri kabisa duniani.

Ushindi huo haukumfungulia mlango, bali ulimfungia. Muda si mrefu baadaye serikali ilimzuia kushiriki mashindano ya nchini mwake, na pasipoti yake ikachukuliwa. Alifariki dunia mwaka 1978, utawala uliomzuia ukiwa bado madarakani. Leo uwanja mmoja wa gofu mjini Durban unaitwa kwa jina lake.

India: kutoka kubeba fimbo hadi kubeba kombe

Nchini India kwenyewe gofu ni mchezo wa siku nyingi. Klabu ya Royal Calcutta ilianzishwa mwaka 1829, na inatajwa kuwa klabu kongwe zaidi ya gofu nje ya visiwa vya Uingereza. Lakini kama ilivyokuwa Nairobi, ambako klabu ya kwanza ya gofu ilianzishwa na Wazungu mwaka 1906, viwanja vilikuwa mahali pa watawala kustarehe. Wenyeji waliingia kama wafanyakazi: wakata nyasi, wapishi na wabeba fimbo.

Baada ya uhuru wa mwaka 1947, nafasi za Waingereza katika klabu zilichukuliwa na maofisa wa jeshi, wafanyabiashara na matajiri wa Kihindi. Mashindano ya wazi ya India yalianzishwa mwaka 1964, na mwaka uliofuata yalishindwa na Mhindi, P. G. Sethi, ambaye alikuwa mchezaji wa ridhaa. Wachezaji wa kulipwa, ambao wengi wao walitokea miongoni mwa wabeba fimbo, walisubiri kwa zaidi ya robo karne. Ni mwaka 1991 tu ambapo Ali Sher, aliyekulia katika mazingira ya wabeba fimbo wa klabu ya Delhi, alikuwa mchezaji wa kwanza wa kulipwa wa India kutwaa taji hilo. Alilitwaa tena mwaka 1993.

Ushindi wa Ali Sher ulibadilisha fikra za wengi. Uliwaonyesha vijana wa India kwamba wageni waliokuja kila mwaka kuchukua fedha na makombe wangeweza kushindwa. Hata hivyo, kumshinda mgeni nyumbani ni jambo moja, na kupata nafasi ya kucheza kwake ni jambo lingine.

Njia iliyopitia Afrika

Wakati huo huo, mtu mwingine mwenye asili ya India alikuwa amekwisha kuipata njia, na njia hiyo ilipitia Afrika. Vijay Singh alizaliwa mwaka 1963 mjini Lautoka, katika visiwa vya Fiji, kwenye jamii ya wazao wa Wahindi waliopelekwa huko na Waingereza kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Mwaka 1985 alifungiwa kucheza katika mzunguko wa Asia baada ya kutuhumiwa kubadilisha hesabu ya mikwaju kwenye kadi yake, tuhuma ambazo alizikanusha. Akabaki akifundisha gofu katika klabu za kisiwa cha Borneo, mbali na mashindano yoyote ya maana.

Mlango uliofunguka ulikuwa ule wa Safari Circuit. Huo ulikuwa mzunguko wa mashindano ya barani Afrika uliojumuisha nchi kama Nigeria, Kenya, Zambia na Zimbabwe, na uliwavutia wachezaji wa Ulaya waliotaka kujinoa wakati wa majira ya baridi kwao. Mashindano ya wazi ya Kenya, yaliyoanzishwa mwaka 1967, yalikuwa mojawapo ya nguzo zake. Mhispania Seve Ballesteros aliyashinda mwaka 1978 na Ian Woosnam wa Wales mwaka 1986, na wote wawili walipata kuwa mabingwa wa Masters.

Vijay Singh alishinda nchini Nigeria mwaka 1988. Mwishoni mwa mwaka huo alifaulu mchujo wa mzunguko wa Ulaya, na mwaka 1989 akashinda mashindano yake ya kwanza katika mzunguko huo. Mwaka 1994 alikuwa Stockholm. Scandinavian Masters ilichezwa mwaka huo katika uwanja wa Drottningholm, ng'ambo ya maji ya ziwa Mälaren ukitazama kutoka upande wa Järfälla, na bingwa akawa Vijay Singh. Miaka sita tu baada ya kupata upenyo Afrika, alikuwa akinyanyua kombe katika mojawapo ya miji mikuu ya Ulaya. Baadaye alishinda PGA Championship mara mbili, mwaka 1998 na 2004, na Masters mwaka 2000. Mwezi Septemba mwaka 2004 alimwondoa Tiger Woods katika nafasi ya kwanza ya orodha ya ubora duniani.

Kizazi cha Jeev Milkha Singh

Kwa upande wa raia wa India, aliyetangulia ni Jeev Milkha Singh wa Chandigarh. Baba yake, Milkha Singh, alikuwa mwanariadha aliyemaliza wa nne katika mbio za mita 400 kwenye michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, akiikosa medali kwa tofauti ndogo sana. Mwaka 1998 mwanawe alikuwa Mhindi wa kwanza kuwa mwanachama wa mzunguko wa Ulaya.

Mafanikio hayakuja upesi. Ilipofika mwaka 2006, Jeev alishinda nchini China, kisha akashinda Volvo Masters nchini Hispania, na kuumaliza mwaka akiwa ndani ya 50 bora duniani. Nafasi hiyo ndiyo iliyompa mwaliko, na mwezi Aprili mwaka 2007 akawa Mhindi wa kwanza kucheza Masters katika uwanja wa Augusta, Marekani. Tarehe 15 Julai mwaka 2012 alishinda mashindano ya Scotland kwa kumpita Francesco Molinari wa Italia katika shimo la nyongeza. Kabla ya hapo hakuwa na nafasi katika British Open iliyokuwa ikianza siku nne baadaye. Ushindi huo ulimpa nafasi ya mwisho iliyokuwa imebaki.

Mwenzake, Arjun Atwal, alishinda nchini Singapore mwaka 2002 na kuwa Mhindi wa kwanza kushinda mashindano ya mzunguko wa Ulaya, kisha mwaka 2004 akawa Mhindi wa kwanza kupata kadi ya kucheza katika mzunguko wa Marekani. Lakini kadi hupatikana na kadi hupotea. Mwaka 2010, baada ya muda wa kuuguza jeraha, Atwal alijikuta hana kadi. Mwezi Agosti alikwenda Greensboro, North Carolina, akacheza mchujo wa siku ya Jumatatu pamoja na watu waliokuwa wakigombea nafasi chache za mwisho za Wyndham Championship. Alifuzu. Siku sita baadaye alikuwa bingwa wa mashindano hayo, Mhindi wa kwanza kushinda katika mzunguko wa Marekani.

Kisa cha S. S. P. Chawrasia kinakaribiana zaidi na cha Ali Sher. Baba yake alikuwa mtunza nyasi katika klabu ya Royal Calcutta, na mtoto alijifunza mchezo kwa kutazama. Mwezi Februari mwaka 2008, mashindano ya mzunguko wa Ulaya yalipofanyika India kwa mara ya kwanza, Chawrasia aliingia kama mchezaji wa nyumbani, akawashinda wageni wote na kupata kadi ya Ulaya papo hapo. Kama mashindano yale yasingepelekwa Delhi, huenda mlango huo usingemfungukia kamwe.

Mwaka 2015 Anirban Lahiri alishika nafasi ya tano kwa pamoja katika PGA Championship. Kisha mwezi Desemba mwaka 2017, kijana wa miaka 21, Shubhankar Sharma, alishinda Joburg Open mjini Johannesburg. Ushindi huo ulimpa nafasi katika British Open ya mwaka 2018, na baada ya kushinda tena nchini Malaysia, waandaaji wa Masters walimpa mwaliko maalumu. Katika nchi ile ile ambayo Papwa Sewgolum alipewa kombe mvuani, Mhindi alishinda, akaingia ndani, na kutoka hapo akaenda alikotaka.

Nairobi na Vipingo

Afrika Mashariki nayo imeendelea kuwa mlango. Mwaka 2017 mashindano ya wazi ya Kenya yaliyofanyika katika klabu ya Muthaiga, Nairobi, yalishindwa na Aaron Rai. Huyu ni Mwingereza mwenye asili ya India ambaye mama yake aliishi Kenya kabla ya kuhamia Uingereza, na ambaye hutambulika kwa urahisi kwa kuvaa glovu mikono yote miwili. Wakati huo mashindano ya Kenya yalikuwa katika daraja la pili la Ulaya. Rai aliongeza ushindi mwingine mara mbili mwaka huo huo, akapandishwa daraja moja kwa moja. Mwaka 2018 alishinda Hong Kong, mwaka 2020 Scotland, na mwaka 2024 alitwaa Wyndham Championship, mashindano yale yale ya Greensboro aliyoshinda Atwal.

Kwa upande wa wanawake, Aditi Ashok wa Bangalore alishinda mashindano ya wazi ya India mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 18, na kumaliza wa nne katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Mwezi Februari mwaka 2023 alikuja Vipingo, katika pwani ya Kenya kaunti ya Kilifi, kucheza mashindano ya mzunguko wa Ulaya wa wanawake. Alishinda kwa tofauti ya mikwaju tisa.

Swali linalobaki

Ukiyatazama maisha ya wachezaji hawa kwa pamoja, jambo moja linajitokeza. Hakuna hata mmoja aliyekosa kipaji kabla ya mlango kufunguka. Papwa alikuwa bingwa kabla na baada ya kufungiwa. Vijay Singh alikuwa mchezaji yule yule alipokuwa akifundisha Borneo. Chawrasia hakujifunza gofu wiki ile ya Delhi. Tofauti ililetwa na kuwapo kwa mashindano yaliyo karibu, yenye mlango ulio wazi, na yenye uwezo wa kumpeleka mshindi katika hatua inayofuata.

Kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki, hapo pana swali zito. Mashindano ya wazi ya Kenya yalipandishwa hadi daraja la juu la mzunguko wa Ulaya mwaka 2019, na kila mwaka wachezaji wa nyumbani hupewa nafasi ya kushiriki. Kama huko India, wengi wa wachezaji hao wa kulipwa walianza kwa kubeba fimbo za wengine. Lakini tangu mwaka 1967 hadi mashindano ya mwaka 2025, hakuna Mkenya aliyeyashinda. Viwanja vya Nairobi vimewatoa wageni na kuwapeleka mbali, na kwa wenyeji nafasi hiyo huja wiki moja tu kwa mwaka.

India nayo iliwahi kuwa katika hali hiyo. Ilianzisha mashindano yake mwaka 1964 na kumsubiri Ali Sher kwa miaka 27. Kilichofuata baada yake hakikutokana na bahati: mashindano ya kulipwa ya ndani ya nchi yaliongezeka, na mzunguko wa Asia ukawapa vijana mahali pa kucheza wiki baada ya wiki kabla ya kupambana na wakubwa. Nafasi ya wiki moja humwonjesha mchezaji ladha ya mashindano makubwa, lakini anayecheza msimu mzima ndiye anayezoea kushinda.

Mlango ukishafunguliwa, mtoto wa mtunza nyasi huweza kupita. Kazi iliyobaki kwa wanaosimamia gofu Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ni kuhakikisha kwamba mlango uliowafaa wapita njia unawafaa pia walio ndani ya nyumba.